Kabla ya Kuagiza: Familia ya Kiislamu katika Migahawa ya Kichina na Kimexico jijini Arusha

Yapo maswali yanayoifikia kamati ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa ambayo kizazi kilichotutangulia hakikuyauliza. Zamani waumini walikuja kuuliza juu ya mirathi, talaka, eda na kuandama kwa mwezi. Maswali hayo yangalipo, na yataendelea kuwapo. Lakini siku hizi huja pia mama mwenye watoto watatu na kuuliza kama wanawe wanaweza kula tambi za Kichina walizoalikwa na mwajiri wa baba yao. Huja kijana aliyeajiriwa katika kampuni ya utalii, naye huuliza afanye nini wenzake wanapomaliza msimu kwa karamu ya chakula cha Kimexico. Huja na mzee ambaye mkwewe si Muislamu, akawaalika wote chakula cha usiku, naye hataki kumvunjia heshima mkwe wala kuivunja amri ya Mola wake.

Haya si maswali ya anasa. Chakula ndicho kinachoingia mwilini kila siku, na kwacho watoto hujifunza dini yao ni ya namna gani: je, ni dini ya kukataa kila kigeni, au ni dini ya kujificha na kula bila kuuliza, au ni dini ya kujua? Makala hii imeandikwa kwa ajili ya familia hizo. Tutaingia katika majiko hayo mawili, tuone kilichomo, kisha tuone namna ya kuuliza.

Vipi vyakula hivi vikafika Arusha

Mji huu umekuwa mji wa wageni kwa muda mrefu. Watalii wanaokwenda Serengeti, Ngorongoro na Mlima Meru hulala hapa. Mwaka 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na kwa takriban miaka ishirini hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, mahakama hiyo ilikuwa na makao yake hapa Arusha. Ilileta majaji, mawakili, wakalimani na makarani kutoka mabara yote, pamoja na familia zao. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ipo hapa. Watu wa namna hiyo hutafuta vyakula walivyovizoea, na palipo na mtafutaji, mfanyabiashara hakawii kufika.

Ndiyo maana migahawa ya Kichina si kitu kipya kwetu. Upande wa Barabara ya Old Moshi na Barabara ya Kanisa watu wamekula tambi na wali wa kukaanga kwa miaka mingi. Chakula cha Kimexico hakijaota mizizi kiasi hicho. Mara nyingi hukikuta kimechanganywa na vyakula vingine katika menyu za hoteli za watalii na migahawa ya vijana: burito, kesadiya, nacho, guakamole, na kile kiitwacho taco. Neno hili la mwisho tutaliandika hivyo hivyo waandikavyo Wamexico, kwa sababu ambayo msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa.

Majibu mawili mepesi

Wako wanaosema: haramu yote, msiingie. Jibu hili lina wepesi wake, kwani halihitaji elimu. Lakini linaharamisha bila dalili, na kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu ni kosa kama lilivyo kosa la kinyume chake. Tena lina madhara nyumbani. Kijana aliyeambiwa kwamba kila kitu ni haramu, akaja kugundua kwamba wali wa mayai na mboga hauna ubaya wowote, huanza kuitilia shaka hata ile haramu ya kweli.

Wako wengine wanaosema: piga bismillahi ule, usiulize. Hawa huitegemea hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), ya watu waliomweleza Mtume (S.A.W.) kwamba huletewa nyama wasiyojua kama ilitajiwa jina la Allah, akawaelekeza walitaje wao kisha wale. Hadithi ni sahihi, lakini waliokuwa wakiileta nyama hiyo walikuwa Waislamu wapya. Shaka ilikuwa juu ya kutaja jina, haikuwa juu ya mnyama gani kaliwa wala nani kamchinja. Kuichukua hadithi hiyo na kuitumia mbele ya karai lililokaangiwa nguruwe dakika tano zilizopita ni kuipeleka mahali isipokwenda.

Kati ya majibu haya mawili ipo njia ya tatu, nayo ni kujua na kuuliza. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yapo yenye kutatiza ambayo watu wengi hawayajui. Maana yake ni kwamba wapo wachache wanaoyajua. Juhudi yetu iwe kuwa miongoni mwa hao.

Ndani ya jiko la Kichina

Jambo la kwanza la kufahamu ni la lugha. Katika Kichina cha kawaida, neno "nyama" likitajwa peke yake bila kuelezwa ni ya mnyama gani, huwa na maana ya nguruwe. Ng'ombe, kondoo na kuku hutajwa kwa majina yao. Kwa hiyo ukikuta katika menyu sambusa za kuchemsha ziitwazo jiaozi, au supu ya wonton, au springi roli za "nyama", usidhani kuwa ni ng'ombe kwa kuwa ndivyo tulivyozoea hapa Arusha. Uliza ni nyama gani.

Jambo la pili ni pombe ya kupikia. Wachina wana mvinyo wa mchele, maarufu zaidi ukiwa ule wa Shaoxing, ambao hutiwa kwenye nyama na samaki ili kuondoa shombo. Hautajwi katika menyu kama vile sisi tusivyotaja chumvi. Mtu anaweza kuagiza kuku kwa korosho, akauliza vizuri juu ya mchinjaji, na bado akala kilichotiwa mvinyo. Wanaosema kwamba pombe yote huisha jikoni hawasemi kweli, kwani sehemu yake hubaki kwa kadiri ya muda na namna ya kupika, na chakula cha karai hupikwa kwa dakika chache tu. Isitoshe, kwa mafundisho ya madhehebu yetu ya Shafi, mvinyo wenyewe ni najisi, basi haitazamwi kilichobaki peke yake.

Soya sosi ni mlango mwingine wa maswali. Hutengenezwa kwa kuchachusha maharage ya soya na ngano, na katika uchachukaji huo hutokea alkoholi kidogo bila kukusudiwa. Wanavyuoni wengi wa zama hizi na taasisi za kuthibitisha halali huiruhusu ile iliyochachuka kwa kawaida yake, bila kuongezewa kilevi. Zipo chupa zenye alama ya halali madukani, na mgahawa unaotaka wateja Waislamu hautashindwa kuzinunua. Sosi ya chaza kwa Mashafi haina tatizo kwa upande wa chaza mwenyewe, kwani viumbe wa baharini ni halali. Kaa, hata hivyo, Imamu Nawawi katika kitabu chake al-Minhaj amemtaja pamoja na chura katika viumbe waishio majini na nchi kavu, wasioliwa. Anayefuata kauli hiyo aiache supu ya kaa.

Lakini tusiufanye Uchina wote kuwa nchi ya nguruwe na mvinyo. Waislamu wa Uchina ni zaidi ya milioni 20, na Uislamu uliwafikia tangu karne za mwanzo. Jamii ya Wahui, ambao huzungumza Kichina na kuvaa kofia zao nyeupe, wana upishi wao uitwao qingzhen, neno lenye maana ya usafi na ukweli, na ndilo neno litumikalo huko kwa chakula cha halali. Hata msikiti kwa Kichina huitwa kwa neno hilo hilo. Tambi za kuvutwa kwa mkono za mji wa Lanzhou, zenye supu ya mifupa ya ng'ombe, ni chakula cha Waislamu hao. Hata kebabu za kondoo zilizopakwa bizari na pilipili, zinazouzwa usiku katika mitaa ya Xi'an na Beijing, ni zao.

Na pwani yetu inawajua. Zheng He, amiri wa majeshi ya majini aliyeongoza safari saba kubwa za merikebu za Uchina baina ya 1405 na 1433, alizaliwa katika familia ya Kiislamu mkoani Yunnan, na baba yake aliitwa Haji kwa kuwa aliwahi kuhiji. Merikebu za safari hizo zilifika katika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu wa Ngarenaro anapoomba kula tambi za Kichina haombi kitu kisicho na njia katika dini yake. Njia ipo, ni kujua kuipita tu.

Ndani ya jiko la Kimexico

Ukikitazama vizuri chakula cha Mexico, utashangaa kuona ni jamaa wa karibu kuliko ulivyodhani. Mahindi yalilimwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Mexico takriban miaka 9,000 iliyopita. Maharage, nyanya, pilipili, maboga na maparachichi yana asili katika nchi hizo za Amerika. Yalivuka bahari baada ya Wahispania na Wareno kufika huko, nasi tukayafanya yetu kabisa. Nenda sokoni Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, utazame kina mama wa Kimeru walivyopanga mafungu yao chini: parachichi, nyanya, maharage, mahindi mabichi, pilipili. Hilo ni jiko la Mexico limelala juu ya turubai.

Tortila, chapati nyembamba ya mahindi ambayo ndiyo msingi wa taco na enchilada, hutengenezwa kwa mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Chokaa hulainisha ganda na kuifanya vitamini iliyomo ndani ya mahindi ipatikane mwilini. Bibi zetu hawakutumia chokaa, lakini walipotaka makande yaive upesi walitia magadi. Akili ni ile ile ya kuyashinda mahindi magumu.

Basi nguruwe aliingia wapi? Kabla ya Wahispania kuuteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521, Mexico haikuwa na nguruwe, ng'ombe, wala ngano. Nguruwe alikuja na watekaji. Hao walikuwa wametoka katika nchi ambayo miaka 29 tu kabla yake, mwaka 1492, dola ya mwisho ya Waislamu ilianguka kule Granada. Katika Uhispania ya wakati ule, kula nguruwe kuligeuka kuwa kipimo: Muislamu au Myahudi aliyelazimishwa kubadili dini alichunguzwa mezani, na aliyeikwepa nyama hiyo alitiliwa shaka. Tabia hiyo ya mafuta ya nguruwe katika kila sufuria ilivuka bahari pamoja nao.

Hata hivyo walivusha na athari zetu bila kujua. Sukari kwa Kihispania ni azúcar, kutoka Kiarabu as-sukkar, na ndipo lilipotoka neno letu pia. Mchele ni arroz, kutoka ar-ruzz. Vidonge vya nyama vya supu ya Kimexico huitwa albóndigas, kutoka al-bunduq, yaani tunda dogo la duara. Neno hilo hilo ndilo lililotupa sisi "bunduki".

Kwa Muislamu wa leo, mambo ya kuangalia katika jiko hili ni haya. Kwanza, maharage ya kupondwa. Kwa desturi ya Mexico hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, basi hata anayeagiza sahani isiyo na nyama hana budi kuuliza mafuta. Pili, nyama zenye majina: chorizo ni soseji ya nguruwe, na carnitas ni nguruwe aliyepikwa katika mafuta yake mwenyewe. Taco al pastor, maana yake "ya mchungaji wa kondoo", ina kisa cha kusikitisha. Ilitokana na shawarma iliyoletwa Mexico na wahamiaji kutoka Lebanon, ikianza kwa kondoo kwenye mshikaki wa wima, kisha kondoo akabadilishwa kuwa nguruwe. Jina limebaki la kondoo. Tatu, samaki wa taco wakati mwingine huchovywa katika unga uliokorogwa kwa bia. Nne, baadhi ya keki na vitamutamu hutiwa ramu.

Na tano ni vinywaji. Margarita hutengenezwa kwa tekila, kileo kitokanacho na mmea ambao ni ndugu wa mkonge wetu. Mkonge wenyewe asili yake ni Mexico, na uliletwa Tanga mwaka 1893. Wao katika ukoo huo wa mimea hukamua kileo, sisi tukasokota kamba. Pakiwepo margarita "isiyo na kilevi", ulizia imetengenezwa kwa nini, kwani huwa ni ndimu, sukari na barafu tu, na ikiwa hivyo haina tatizo.

Kilichobaki ni salama na kitamu: guakamole, ambayo ni parachichi lililopondwa na ndimu, kitunguu na pilipili, salsa, yaani kachumbari ya nyanya, kesadiya za jibini na mboga, na wali mwekundu, ikiwa supu iliyoupika si ya nyama yenye shaka.

Mchinjaji, karai na meza

Mambo matatu yanahusu majiko yote mawili.

La kwanza ni mchinjaji. Hapa nchini ni desturi ya muda mrefu kwamba katika machinjio ya umma Waislamu ndio huchinja, jambo ambalo limewafaa watu wote kuketi meza moja. Kwa hiyo nyama ya ng'ombe na mbuzi inayotoka kwenye machinjio ya jiji na mabucha yanayofahamika haina wasiwasi mkubwa. Wasiwasi uko kwa kuku. Kuku huweza kununuliwa hai na kuchinjwa nyuma ya jiko na yeyote aliye zamu. Swali la "nani kachinja kuku?" lina uzito kuliko swali la "mna kuku wa halali?", kwa sababu la pili hujibiwa kwa ndiyo kabla halijamalizika.

La pili ni karai na mafuta. Ikiwa mgahawa unapika nguruwe, na karai ni moja, chujio ni moja, na mafuta ya kukaangia chipsi ndiyo yaliyokaangiwa mbavu za nguruwe, basi chipsi hizo zimenajisika ingawa zilikuwa viazi. Katika madhehebu ya Shafi najisi ya nguruwe ni nzito, na chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Swahaba Abu Thaalaba al-Khushani (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, akaelekezwa asivitumie ila akikosa vingine, avioshe kisha avitumie. Masahaba waliuliza juu ya vyombo. Hatuna sababu ya kuona haya kuuliza juu ya karai.

La tatu ni meza. Imepokewa katika Tirmidhi makatazo ya kuketi katika meza ambayo pombe inapitishwa. Mgahawa ambao kila meza ina bia, muziki umepanda na watu wamechangamka, si mahali pa kumpeleka mtoto hata kama wali wake ni safi. Lakini mgahawa huo huo saa saba mchana huweza kuwa na familia mbili tatu tu na ukumbi wa nje wenye utulivu. Tena kuna kufungiwa chakula ukaenda kukila nyumbani. Anayekwenda jioni aiangalie na saa, kwani wakati wa Magharibi ni mfupi. Ni aibu familia itoke kwa furaha irudi na deni la swala. Nendeni baada ya Adhuhuri, au swalini Isha kwanza.

Namna ya kuuliza

Wengi hawaulizi kwa kuogopa kuonekana washamba au wakorofi. Wengine huuliza kwa ukali kana kwamba mhudumu ndiye aliyemfuga nguruwe. Yote mawili si adabu. Mhudumu ni mtoto wa watu, pengine naye ni Muislamu, au ni Mchaga au Mmeru Mkristo anayetuheshimu. Mwambie: "Dada yangu, samahani, sisi ni Waislamu. Naomba uniulizie jikoni mambo matatu kabla hatujaagiza. Kuku huyu amechinjwa na nani? Mnapika nguruwe kwenye karai hili hili? Na kwenye sosi mnatia mvinyo?" Akirudi na jibu la wazi, mshukuru. Akirudi na jibu la kusitasita, agiza samaki wa kuchoma, au chai, au simama kwa upole uage. Hakuna aliyelazimishwa kula kwa kuwa tu ameketi.

Ukikuta karatasi ya halali ukutani, isome. Ithibati ya kweli hutaja nani aliyeitoa, kwa ajili ya nini, na inakwisha lini. BAKWATA hutoa ithibati za halali, na mwenye mgahawa aliyeipata kwa haki hachukii kuonyesha. Stika ya herufi za Kiarabu iliyonunuliwa dukani haithibitishi kitu chochote isipokuwa kwamba stika zinauzwa.

Kwa walioalikwa na mkwe au mwajiri, semeni mapema. Simu ya siku mbili kabla, yenye maneno laini, humwezesha mwenyeji kuchagua mahali pengine au kuagiza samaki na mboga. Mwenyeji akipata habari mezani, huaibika yeye na wewe. Na Arusha haina uhaba wa mahali pa kupendekeza. Pale Mtaa wa Msikiti, Khan's, duka la vipuri vya magari mchana, kwa miaka mingi limekuwa likigeuka jioni kuwa mahali pa kuku wa kuchoma ambapo watu wa dini zote na watalii huketi pamoja.

Vijana wetu walio nyuma ya jiko

Kuna jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Tunapojadili kama tule au tusile, wapo vijana wetu wa Kaloleni, Sombetini na Unga Limited ambao wako jikoni humo wakipika na kuosha vyombo. Wapo walioambiwa wakate nyama ya nguruwe siku ya kwanza ya kazi. Wapo kina dada waliotakiwa kupeleka chupa za mvinyo mezani. Mmoja aliyefika kwa kamati kutaka ushauri alieleza kwamba alikuwa ameomba apangiwe upande wa mboga na wali, akakubaliwa kwa miezi kadhaa, kisha akaambiwa achague kazi au masharti. Ana mama mgonjwa na wadogo zake wawili wanaosoma.

Kumwambia kijana huyo "acha kazi, Allah ataruzuku" ni kweli katika imani, lakini likisemwa na mtu aliyeshiba halina msaada. Anayesema hivyo na aongeze: na sisi tutakutafutia. Miongoni mwa waumini wetu wapo wenye hoteli, wenye mabasi, wenye maduka. Kijana anayejua kupika Kichina ni fundi, na fundi haombi sadaka, anaomba jiko. Huenda mgahawa wa kwanza wa Kichina wenye karai safi kabisa hapa Arusha ukawa wa kijana kama huyo, akipata mtaji wa mkopo usio na riba na wateja wa kwanza kutoka msikitini.

Karai la nyumbani

Kwa sasa, familia isiyo na nafasi ya kutoka, au isiyoridhika na majibu iliyopewa, isiwanyime watoto. Kwa watu sita, chemsheni gramu 400 za tambi nyembamba, zichujwe zingali ngumu kidogo. Kateni nusu kilo ya minofu ya kuku vipande vyembamba, vilowekwe dakika 20 katika vijiko vikubwa viwili vya soya sosi ya halali, tangawizi na vitunguu saumu punje nne. Karai lipate moto hasa, kwani siri ya upishi huu ni moto mkali na mkono mwepesi. Kaangeni kuku, muweke pembeni, kisha karoti tatu, hoho mbili na robo ya kabichi kwa dakika tatu tu. Rudisheni kuku na tambi, ongezeni kijiko cha soya sosi na maji kidogo ya ndimu badala ya mvinyo. Shombo litaondoka, na hakuna atakayeuliza kilichokosekana.

Siku nyingine, pondeni vikombe vitatu vya maharage yaliyochemshwa, muyakaange kwa kitunguu, bizari nyembamba na mafuta ya alizeti. Pikeni chapati ndogo za vikombe viwili vya unga wa ngano na kimoja cha mahindi, kwani unga wetu wa mahindi peke yake haushikamani kama ule wao wa chokaa. Wekeni mezani parachichi mbili zilizopondwa na ndimu, kachumbari yenye kotimiri, na nyama ya kusaga. Kila mtoto ajitilie na kukunja mwenyewe. Hiyo ndiyo taco.

Ombi kwa kamati na wenye migahawa

Kamati za misikiti ya Arusha zinaweza kufanya jambo dogo lenye faida kubwa. Zichague watu wawili watatu wenye elimu na lugha nzuri, mmoja wao mwanamke, wawatembelee wenye migahawa kwa miadi na kwa heshima, wawaulize maswali yale matatu ya mchinjaji, karai na mvinyo, na majibu yao yatangazwe kwa waumini kwa idhini yao, yakihakikiwa tena kila baada ya miezi sita. Kusiwe na orodha ya kuwachafua watu wala ya kuwauzia alama. Iwe orodha ya kujua tu.

Kwa wenye migahawa, wawe Wachina, Watanzania au wengineo, hesabu ni nyepesi. Karai moja lililotengwa, chombo kimoja cha mafuta, mchinjaji anayefahamika na chupa ya sosi yenye alama hazigharimu sana, na mlangoni kwenu zimesimama familia nyingi zinazotaka kuingia ila hazijui jibu lenu. Semeni ukweli wenu, hata ukiwa ni "sisi tunapika nguruwe, karai ni moja". Muislamu atakushukuru kwa hilo, na kesho atamleta kwako mgeni wake asiye Muislamu.

Na kwa wazazi: mtoto anayemwona baba yake akimuuliza mhudumu kwa upole, akasikiliza jibu, kisha akaamua, hujifunza kwa dakika moja jambo ambalo hotuba nyingi hushindwa kulifikisha. Atakapokuwa peke yake Dar es Salaam, Nairobi au Guangzhou, hatahitaji kuwapigia simu. Atajua la kuuliza.

Wabillahi tawfiq.